Sherehe ya mtoto kwa laki moja: mada ya bahari, kwa mzazi wa Tanga

Kila baada ya wiki mbili tatu napigiwa hodi, au simu inaita, na swali ni lilelile. "Dada, mwanangu anatimiza miaka mitano mwezi ujao. Nimeona picha za sherehe zenye mada, kila kitu rangi moja, nami nataka. Nina laki moja. Itatosha?"

Inatosha. Ila haitoshi ukianza kwa mtu wa mapambo, na wengi huanzia hukohuko. Wakishalipia bango la picha na tao la mapulizo, pilau inapikwa kwa deni. Basi nimeona niandike mara moja, tusichoshane kwenye simu.

Hesabu zangu ni za watoto 15 walioalikwa, wa miaka 3 hadi 7, nyumbani, hapahapa Tanga mjini. Ukiwa Muheza au Pangani utabadilisha soko tu.

Mada maana yake nini

Mada, au "themu" kama vijana wa mapambo wanavyoiita, ni rangi mbili na kitu kimoja anachokijua mtoto, kisha hivyo vinajirudia: kwenye mlango, kwenye keki, kwenye mchezo, kwenye hadithi. Basi. Mtoto wa miaka minne hatahesabu mapulizo. Atakumbuka kwamba alivua samaki.

Nakushauri bahari kwa sababu ya bei. Bluu na nyeupe zimo kabatini mwako, kwenye kanga. Wavu uliochakaa utaupata kwa maneno mazuri. Na sisi watu wa Tanga tuna samaki wetu ambaye sherehe za mijini kwingine hawanaye: silikanti. Wataalamu walidhani alitoweka duniani miaka milioni 65 na zaidi iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wetu wamekuwa wakinasa kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni wa bluu, ana mabaka meupe, mapezi yake yamenona kama vimiguu, na anaweza kufika urefu wa karibu mita 2. Ukitafuta mhusika wa sherehe ya mtoto, utapata wapi mwingine kama huyo? Na hadaiwi hela ya picha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kanga au mashuka 3 au 4 ya bluu na nyeupe. Azima, usinunue.
- Wavu mkuukuu wa kuvulia. Uliza wavuvi Deep Sea au Sahare.
- Kamba ya katani, mita 20 hivi.
- Karatasi za manila 6, mkasi, gundi, kalamu za rangi.
- Maboksi matupu kutoka duka la jirani.
- Vizibo vya bati vya soda visivyopungua 30. Anza kuvikusanya leo.
- Sumaku ya spika mbovu, ile kubwa. Mafundi redio wanazo.
- Mikeka au majamvi ya kukalia. Viti usikodi, watoto hawavikalii.
- Watu wazima watatu unaowaamini, mbali na wewe.

Kuigawa laki moja

Chakula na vinywaji, pamoja na mkaa: 55,000. Keki: 20,000. Mapambo: 10,000. Michezo na zawadi ndogo za wageni: 10,000. Akiba: 5,000, na hiyo usiiguse mpaka siku yenyewe, saa 7 mchana, utakapogundua hakuna viberiti.

Weka kila fungu kwenye bahasha yake. Najua ni mambo ya kizamani, lakini hela iliyo kwenye simu haijui kwamba ni ya keki.

Hatua

1. Chagua siku na saa (wiki tatu kabla). Watoto wengi wa hapa wana chuo cha Qurani alasiri, na vyuo vingi hufunga Alhamisi na Ijumaa. Jumapili asubuhi kuna wa kanisani. Kwangu mimi siku nzuri ni Ijumaa, saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu. Kabla ya hapo jua kali, baada ya hapo Magharibi inakaribia na wazazi wanataka watoto wao nyumbani. Saa mbili na nusu zinatosha. Zaidi ya hapo watoto wanaanza kupigana.

2. Alika kwa idadi, halafu ongeza nusu. Ukialika 15, pika kwa ajili ya 22. Atakuja Asha na mdogo wake, na mdogo wake ana binti wa kumbeba. Huwezi kuwaambia warudi. Hapa kwetu hiyo haipo.

Waambie wazazi wazi kwamba ni sherehe ya siku ya kuzaliwa. Wapo majirani wasioiadhimisha kwa sababu za imani, na si vizuri mtu agundue mtoto wake amekwisha kukaa mbele ya mshumaa. Akikataa kwa adabu, mpelekee sahani ya pilau jioni na ujirani uendelee. Uliza pia kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, maziwa au mayai. Andika jibu, maana utasahau.

3. Chagua mahali. Uani au barazani. Wengi wananiuliza: si mada ni bahari, kwa nini tusiende Raskazone? Ukiwa na watoto 20 wadogo na watu wazima wanne, usiende ufukweni. Maji yanayojaa hayakusubiri umalize kukata keki, na mtoto mmoja akikupotea machoni kwa dakika mbili sherehe imekuwa kitu kingine. Bahari tutaileta uani.

Kague uwanja kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu: pipa la maji lifunikwe na kuwekewa uzito juu, jiko la mkaa liwe upande wasikofika, geti liwe na mtu wake. Huyo mtu wa geti ndiye wa kwanza kati ya wale watatu, na asipewe kazi nyingine.

4. Osha wavu (wiki moja kabla). Nimeupa hatua yake peke yake kwa sababu mara ya kwanza niliutundika kama ulivyo. Uliloweshwa, ukasuguliwa? Wala. Wageni wakafika, nzi wakawa wametangulia. Loweka kwenye maji ya sabuni usiku kucha, suuza mara tatu, anika juani siku mbili, toa ndoano na vipande vya risasi vilivyobaki. Chandarua cha zamani chenye dawa usikitumie mahali pa wavu, hasa karibu na chakula.

5. Tengeneza mapambo na mtoto mwenyewe. Kata samaki 30 wa manila, ukubwa wa kiganja chako, na silikanti mmoja wa boksi, mkubwa kadiri boksi linavyoruhusu. Mpake bluu, na mabaka meupe mtoto ayabandike mwenyewe kwa vidole vilivyochovywa rangi. Atatoka ovyo, na ndiye atakayependeza kuliko wote.

Tundika kanga kama mawimbi ukutani, wavu juu yake, samaki 10 ndani ya wavu. Funga kwa kamba ya katani kwenye misumari au nguzo. Selotepu usiitegemee: kwenye ukuta wa chokaa haishiki, na kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani itakuwa imeachia kabla ya wageni. Kama ni miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, funga na pindo za chini pia, la sivyo kanga zitapeperuka kama tanga la ngalawa.

Mapulizo 20 yanatosha, na yafungwe juu. Usiyagawe yachezewe na wadogo. Kipande cha pulizo lililopasuka ni chepesi kuvutwa kooni, na kukitoa ni kazi. Wala msiyaachie yapeperuke. Yakiangukia baharini kasa huyala.

6. Keki ya samaki. Hapa ndipo hela nyingi inapookolewa, kwa hiyo tulia unisome.

Huhitaji chombo cha umbo la samaki. Oka keki ya kawaida ya duara. Nusu kilo ya unga, robo kilo ya sukari, robo kilo ya siagi ya kupikia, mayai 6, vijiko vya chai 3 vya beking pauda, kikombe kimoja cha maziwa, na iliki au ganda la ndimu. Saga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, ongeza yai mojamoja, kisha unga na maziwa kwa zamu. Kama huna oveni, tumia sufuria lenye mchanga: mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu yake, mfuniko, moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Iangalie baada ya dakika 45. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva.

Ikipoa kabisa, kata kipande cha pembetatu upande mmoja, kiasi cha moja ya nane. Pale ulipotoa ndipo mdomo. Kile kipande kigeuze, ncha yake iguse mgongo wa keki upande wa pili. Huo mkia. Samaki kamili, na hakuna kilichotupwa.

Kwa juu, usipake krimu ya siagi. Kwa joto letu itakuwa mchuzi saa 10. Changanya sukari ya aisingi na maji ya ndimu iwe uji mzito, tia rangi ya bluu ya chakula tone moja moja. Ukizidisha inakuwa chungu na watoto wanarudi kwao na meno ya bluu. Mabaka meupe ni nazi iliyokunwa, ikakaushwa kwenye kikaango bila mafuta wala kugeuka rangi. Nazi mbichi huchacha upesi. Jicho ni zabibu kavu.

Keki inakushinda? Fanya mkate wa kumimina, ule wengine huuita mkate wa sinia. Mchele uliolowekwa usiku, tui zito, sukari, iliki, hamira, saga laini, acha uumuke, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto chini kidogo kisha juu. Unakatika samaki vilevile. Mama mkwe wangu aliuona mezani akasema hii ndiyo keki, yale mengine ni sifongo.

Ukiamua kuagiza, mwambie anayeoka kwamba unaihitaji saa 5 asubuhi, hata kama utakata saa 10 na nusu. Mwaka mmoja keki yangu niliyolipia yote ilifika wakati wageni wa mwisho wanavaa viatu. Tangu siku hiyo silipi yote kabla ya kuiona.

7. Chakula. Aina tatu, si saba. Watoto wanakula kidogo na kumwaga kingi.

Pilau: kilo moja ya mchele hulisha watoto 12 hivi au wakubwa 8. Kilo 2 na nusu itatosha na wasindikizaji. Punguza pilipili manga, na nyama katakata ndogo. Ipike iive saa 8 na nusu, si asubuhi. Chakula kilichokaa sufuriani kwenye joto mchana kutwa ndicho kinachorudisha watoto nyumbani wakiumwa matumbo.

Maandazi madogo: kilo ya unga inatoa kati ya 35 na 40 ukikata ya ukubwa wa mtoto. Ukitaka yaingie kwenye mada, kata umbo la samaki kwa kisu. Hayana maajabu, lakini watoto huyagombania.

Bisi: robo kilo hujaza beseni. Yaite povu la bahari. Wale wa chini ya miaka minne wape maandazi badala yake, maana bisi na karanga hukwama kooni.

Kinywaji ni ukwaju. Nusu kilo hutoa lita 5: loweka kwa maji ya moto, pekecha, chuja, tia sukari, chemsha, poza. Au maembe na machungwa ya Muheza kama ni msimu wake. Soda ni ghali. Barafu ya kununua barabarani usiiweke ndani ya juisi, izungushie ndoo kwa nje.

8. Michezo mitatu na hadithi moja. Pangilia hivi na usibadilishe mpangilio.

Kwanza *kuvua*, wakati wageni wanaingia. Samaki 20 waliobaki gundisha kila mmoja kizibo cha soda. Funga sumaku ya spika kwa kamba ya katani kwenye ufito. Watoto wavue kutoka beseni tupu au karai. Sumaku iwe kubwa; vile vidogo vya kung'aa vya kwenye friji na midoli usivikaribishe kabisa, mtoto akivimeza viwili vinabana utumbo na inakuwa hospitali. Na gundi iwe imekauka tangu jana yake, vizibo visiokotwe na wachanga.

Pili *papa na dagaa*. Mtu mzima ni papa, yuko katikati ya uwanja. Dagaa wanavuka toka ukuta huu hadi ule. Akishikwa, anakuwa mwani: anasimama alipo, anapunga mikono na kunasa wenzake. Hakuna anayetolewa nje, na hiyo ndiyo siri, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu akitolewa mchezoni sherehe yake imekwisha.

Tatu *hazina*: ficha makombe ya baharini 40 uani, kila mtoto apate mawili. Hesabu mwenyewe. Akikosa mmoja, mchomekee mkononi kimyakimya.

Kisha wakae kwenye mikeka, wamehema. Hapo ndipo "Paukwa!" na wao "Pakawa!" Msimulie silikanti aliyejificha kilindini mpaka watu wakasema amekufa. Dakika tano tu. Bibi akiwepo mwachie yeye, hata akichanganya na sungura. Hadithi inawashusha pumzi kabla ya chakula. Ukiruka hapa ukawapa sahani wakiwa bado wanakimbia, pilau yako utaifagia.

9. Keki, haraka. Saa 10 na nusu. Ule utaratibu wa kulishana, kila mjomba na shangazi aitwe kwa jina, uuache kwa sherehe za wakubwa. Mtoto amlishe mama, baba au aliyemlea, na bibi. Wengine wapewe vipande vyao kwenye karatasi. Kijiko kimoja kupita vinywa ishirini ni kugawana mafua.

Na tafadhali, kumwagia mtoto maji tusimfanyie wa miaka mitano. Anacheka mmwago wa kwanza, wa pili analia, na picha zote zilizobaki ana macho mekundu.

10. Kuondoka. Zawadi ndogo: andazi, kipande cha kashata, samaki aliyemvua mwenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kunja koni za karatasi safi, si gazeti, wino wake unaingia kwenye chakula. Zigawe getini. Mtoto akishapewa koni yake anajua safari imefika. Tanga wanasema "waja leo, waondoka leo", lakini mgeni wa sherehe haondoki mpaka apewe sababu.

Zawadi alizoletewa mtoto zifunguliwe baada ya wote kwenda. Aliyeleta daftari asilinganishwe na aliyeleta baiskeli.

Mambo yakiharibika

*Mvua imeshuka.* Masika, Machi hadi Mei, usipange uani bila mpango wa pili. Ingiza mikeka sebuleni, ruka papa na dagaa, ongeza hadithi ya pili.

*Wamekuja 30.* Pilau igawe kwa sinia, watoto watano sinia moja. Inaonekana nyingi kuliko ikiwa kwenye sahani, na hakuna anayepima. Keki ikate vipande vya vidole viwili. Bisi ongeza, ndiyo akiba yako ya 5,000 ilipokuwa inasubiri.

*Umeme umekatika.* Hukuhitaji spika. Ndoo itumie kama ngoma.

*Keki imebonyea katikati.* Usiikate upya. Jaza shimo kwa sukari ile ya bluu na sema ni tumbo la samaki. Ikimeguka kabisa, ipange vipande kwenye sinia kama magamba.

*Watoto wawili wamegombania ufito.* Kuwa na mafito mawili tangu mwanzo. Hilo nilisahau kuliandika kwenye orodha, rudi uliongeze.

*Mwenye sherehe analia na hataki kukata keki.* Hutokea zaidi kuliko unavyodhani, hasa wa miaka mitatu na minne: amezungukwa na watu wanaomkazia macho na simu. Usimlazimishe, na usiwaache wakubwa wamcheke. Mbebe, mtoke nje ya mduara, mpe maji. Mwambie mwenzake mmoja anayempenda aje washike kisu pamoja na wewe, watu watatu mkono mmoja. Akikataa bado, kata mwenyewe, mpe jicho la samaki ale. Zabibu ile haijawahi kunikatalia.